Kwa mwana wa ndugu yangu, hapa Malindi

Mwanangu, asalaam aleikum.

Zile sauti unazonitumia WhatsApp nimezisikiliza zote. Yule shekhe wako huanza kwa upole, anasoma aya, kisha anapandisha: nchi imeuzwa, wakubwa ni vibaraka, na kisa chote ni wanawake kuachiwa mambo. Chini yake wewe umeandika, "Ukweli mchungu."

Nilipokutajia Shakahola, ule msitu ambako waumini walifunga kula mpaka wakafa, ulinijibu kuwa hayo ni ya Wakristo, hayatuhusu. Yanatuhusu sana. Paul Mackenzie, mhubiri wao, alikuwa dereva wa teksi papa hapa mjini. Hakuanzia msituni. Alianza na kanisa na kamera, na video zake zikafika ambako yeye hakuwahi kukanyaga. Aliwaambia watu shule haifai, hospitali haifai, na mwaka 2019 Huduma Namba, ile namba ya utambulisho ya serikali, ilipokuja akaipiga vita kuwa ni ya shetani. Aliyemwamini hakubaki na mwalimu, daktari wala serikali ya kusikiliza, ila yeye tu. Kuanzia 2023 ikafukuliwa miili zaidi ya 400. Na zamu ya kufa njaa, kwa maelezo ya waliotoka kule, ilipangwa: watoto mwanzo, wanawake wafuate, kisha wanaume, viongozi mwisho kabisa. Itazame hiyo foleni. Mama aliyekuwa na haki ya kupiga kelele kwamba mwanangu ana njaa alikuwa keshafundishwa kuwa kusema ni uasi.

Na sisi Waislamu tusijitoe. Juni 2014, Mpeketoni kule Lamu, al-Shabaab waliua watu zaidi ya 60, wengi wao wanaume. Wanaowavuta vijana wetu wa pwani hugusa panapouma: huna kazi, huna mahari, nyumbani huhesabiki. Panauma kweli, sikatai, na serikali imetutupa muda mrefu. Lakini anayekwambia uanaume wako umeibwa na dada yako hana kazi ya kukupa. Ana mtu wa kukutuma ukamchukie.

Malindi hii imempeleka Aisha Jumwa bungeni mwaka 2017, na Amina Mnyazi mwaka 2022. Wakosoe kwa kazi yao, ni haki yako. Kwa kuwa wanawake tu? Hapana, mwanangu.

Ijumaa ukitoka kuswali njoo ule kwangu. Dada zako watakuwepo. Iweke ile sauti tuisikilize sote, kisha uwape nafasi wakujibu.

Shangazi yako