Malalamiko kuhusu kijitabu na vipuri vya seti ya elektroniki kwa wanaoanza

Kwa: Meneja wa Bidhaa

Ndugu Meneja,

Tunaandika kulalamikia seti yenu ya elektroniki kwa wanaoanza, ile yenye bodi ya chipu ya ATmega328P, taa za LED, rezista (vipuri vya kupunguza mkondo wa umeme), vihisi na kijitabu cha maelekezo. Sisi ni wakufunzi, na seti hii tumeipitia zoezi kwa zoezi tukiwa na multimita (kifaa cha kupima umeme) mkononi. Vipuri vingi ni vizima. Kinachowaangusha wanunuzi ni kijitabu kisicholingana na vilivyomo kwenye kasha, na hasa ule ukurasa wa mwisho, "Ikishindikana", unaomwagiza mnunuzi akague nyaya zake, na bado ikigoma, anunue kihisi kingine. Kwa kasoro tutakazozieleza, angeweza kununua vihisi kumi na asipate nafuu yoyote.

Tuanze na kihisi cha joto, maana hapo kosa halina utetezi. Kijitabu kinakiita TMP36, na programu inatumia hesabu ya TMP36: chukua volteji, toa 0.5, zidisha kwa 100. Kilichomo kwenye pakiti kimeandikwa LM35. Viwili hivi vina umbo lile lile jeusi lenye upande mmoja bapa, vina miguu mitatu, na hata mpangilio wa miguu ni mmoja. Kwa hiyo saketi inafungwa vizuri na programu inapakiwa bila kosa lolote kuonekana. Lakini kwenye nyuzi 25 za Selsiasi TMP36 hutoa volti 0.75, na LM35 hutoa volti 0.25. Ukiipigia LM35 hesabu ya mwenzake unapata nyuzi 25 chini ya sifuri. Mtu anatokwa jasho, skrini inamwambia anaganda. Hapo hakuna waya wa kukagua. Dawa ni kuifuta ile 0.5, ibaki volteji mara 100 basi.

Mchoro wa kihisi hicho una tatizo jingine: umechorwa kutoka juu bila kusema upande bapa unatazama wapi. Mnunuzi akikigeuza, umeme unaingia kinyume, na LM35 hupata moto ndani ya muda mfupi kiasi cha kuunguza kidole. Mngeandika sentensi moja tu: upande bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini, mguu wa kushoto ni wa volti 5, wa kati ni wa ishara, wa kulia unaenda GND (upande hasi wa umeme). Mwongeze na onyo kwamba kihisi kikiwa cha moto, chomoa USB kwanza, mchoro utausoma baadaye. Na kwa kuwa mnaulizwa hilo pia: namba kurukaruka kwa nusu nyuzi si ubovu. Bodi hugawa volti 5 katika hatua 1,024, kila hatua takriban milivolti 4.9, na LM35 hupanda milivolti 10 kwa kila nyuzi moja.

Rezista nazo zimetuudhi zaidi ya kihisi, kwa sababu zinaharibu karibu kila zoezi. Jedwali la kijitabu linaonyesha rezista za mistari minne, ambapo omu 220 (omu ni kipimo cha ukinzani) ni nyekundu, nyekundu, kahawia, dhahabu. Zilizomo kwenye pakiti ni za mistari mitano. Humo omu 220 ni nyekundu, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia, na omu 10,000 ni kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia. Sasa ichukue ile ya 220 uisome kutoka upande wa pili: kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, nyekundu. Imegeuka omu 10,000! Tofauti iliyobaki ni mstari wa mwisho tu, ambao anayeanza hautazami. Na ninyi mmezichanganya zote mbili kwenye mfuko mmoja usio na lebo.

Matokeo yake yanatabirika. Anayeweka omu 10,000 kwenye LED nyekundu anapata mkondo wa miliampia 0.3 badala ya takriban 14, taa inafifia kiasi cha kutoonekana mchana, na yeye anaamini LED imeungua. Anayeweka omu 220 chini ya kihisi cha mwanga cha LDR anasoma namba ndogo ajabu: LDR ikiwa na ukinzani wa omu 5,000, pini ya A0 (tundu la bodi linalosoma volteji) husoma takriban 43, wakati kwa rezista sahihi ya omu 10,000 ingesoma takriban 682. Kisha programu yenu inalinganisha namba hiyo na 500 iliyoandikwa humo moja kwa moja, kana kwamba mwanga wa kila chumba ni sawa. Haiwezekani. Mnunuzi aelekezwe kusoma namba mahali penye mwanga, kisha akifunika kihisi kwa kiganja, halafu achague namba iliyo katikati ya hizo mbili.

Zoezi la taa tatu lina kosa la msingi ambalo hatukulitarajia kwa kampuni inayouza vifaa vya kufundishia. LED nyekundu, ya kijani na ya buluu zimeunganishwa sambamba zikitumia rezista moja. Nyekundu huwaka kwenye takriban volti 2, buluu inataka takriban volti 3. Nyekundu ikishawaka inaishikilia volteji ya pale karibu na 2, na buluu haipati kamwe kiasi chake. Mnunuzi anaigeuza, anabadilisha, anaitupa, na ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kila LED iwe na rezista yake ya omu 220. Kwa volti 5, nyekundu itapata takriban miliampia 14 na buluu takriban 9. Viwango hivyo ni salama kwa pini ya chipu hii, ambayo haifai kuzidishiwa miliampia 20 kwa matumizi ya kawaida, na 40 ndiyo mpaka wa kuharibika.

Zoezi la kufifisha mwanga ni jepesi kueleza. Mmeweka LED kwenye pini ya 8 na kutumia amri ya analogWrite. Kwenye bodi hii amri hiyo hufifisha kwenye pini za 3, 5, 6, 9, 10 na 11 pekee. Kwenye ya 8, namba yoyote iliyo chini ya 128 huzima na iliyobaki huwasha, ndiyo maana taa inawaka na kuzima ghafla. Hamisheni waya kwenye pini ya 9, na namba kwenye programu ibadilike vilevile.

Kitufe nacho mmekiacha kikining'inia: upande mmoja volti 5, mwingine pini ya 2, bila rezista ya kuivuta pini chini. Kitufe kisipobonyezwa pini inaelea, inasoma chochote, na LED inawaka mtu akipitisha mkono karibu. Kuna wanaodhani wametengeneza kihisi cha mguso. Pelekeni upande huo wa kitufe GND badala ya volti 5, tumieni INPUT_PULLUP (mpangilio unaowasha rezista ya ndani ya chipu ya kuivuta pini juu), kisha mwambieni mnunuzi kwamba sasa kubonyeza kunasomeka LOW, yaani chini.

Kihisi cha umbali cha HC-SR04 kinahitaji volti 5, na mchoro wenu umekipeleka kwenye volti 3.3. Lakini hata kikipata umeme wake, programu ina mtego. Waya wa Echo (unaoleta ishara ya mwangwi kwenye bodi) ukilegea, pulseIn, amri inayopima muda wa ishara hiyo, husubiri sekunde nzima kisha hurudisha 0. Programu inaigeuza kuwa sentimita 0, inaona ni chini ya 10, inapiga king'ora. Yaani kihisi kisichoona kitu kinatangaza kwamba kitu kimeshafika! Pale ambapo hakuna kitu mbele, moduli nyingi hurudisha takriban mikrosekunde 38,000, ambazo ukigawa kwa 58 ni sentimita 655, ilhali kihisi chenyewe kimeundwa kupima kuanzia sentimita 2 hadi 400. Programu itupilie mbali sifuri na chochote kinachozidi 400, na iache angalau milisekunde 60 kati ya kipimo na kipimo, ili mwangwi wa kwanza usihesabiwe mara ya pili.

Waya wa USB uliomo kwenye baadhi ya makasha ni wa kuchajia tu. Taa ya bodi inawaka, kompyuta haioni bodi. Hilo halihitaji maelezo, linahitaji waya mwingine.

Sasa ule ukurasa wa "Ikishindikana". Tunaomba muufute na kuweka utaratibu wa kutafuta kosa, kwa mpangilio huu. Mnunuzi achomoe kila kitu, apakie programu ya kumulika LED iliyo kwenye bodi yenyewe, pini ya 13. Ikimulika, bodi, waya wa USB na kompyuta vimeondoka kwenye orodha ya washukiwa. Kisha apime volteji kwenye bredibodi (ubao wa matundu wa kuchomekea vipuri), palepale kihisi kilipochomekwa. Asiipime kwenye bodi, kwa sababu bredibodi nyingi ndefu zina mistari ya umeme iliyokatika katikati, na nusu ya pili inakaa bila umeme mpaka iunganishwe kwa waya mfupi. Apate kati ya volti 4.75 na 5.25. Akifika hapo, aunganishe LED na rezista yake moja kwa moja kwenye volti 5 bila programu: isipowaka aigeuze, mguu mrefu uelekee upande wa volti 5.

Hatua ya mwisho ni kukisoma kihisi peke yake, namba ghafi kwenye dirisha la seriali (linaloonyesha kwenye kompyuta namba zinazotumwa na bodi), bila sharti lolote ndani ya programu. Akifunike, akimulike, akisogezee mkono. Namba ikifuata anachofanya, kihisi ni kizima na kosa liko kwenye programu. Ikiganda kwenye 0 au 1023, waya umeenda sipo au rezista si yenyewe. Ikirukaruka ovyo bila kuguswa, pini inaelea. Rezista nayo ipimwe ikiwa imechomolewa, maana ndani ya saketi multimita husoma na vilivyo pembeni yake.

Tunataka yafuatayo ndani ya siku 30: karatasi ya masahihisho iwekwe ndani ya kila kasha lililobaki ghalani, na nakala yake ipatikane bure kwa walionunua tayari, programu za kihisi cha joto, cha mwanga na cha umbali zirekebishwe, rezista zifungwe katika mifuko miwili yenye lebo, nyaya za kuchajia zibadilishwe bila mnunuzi kugharamia usafirishaji. Walionunua kihisi cha pili kwa kufuata ushauri wa ukurasa wenu warudishiwe fedha zao. Hilo la mwisho hatutalilegeza.

Tumeambatisha michoro iliyosahihishwa ya mazoezi yote tuliyoyataja, pamoja na picha za maandishi yaliyo kwenye kihisi cha LM35 kutoka kwenye pakiti zenu. Mnaweza kuichapisha michoro hiyo kama ilivyo. Tunasubiri jibu la maandishi kutoka kwa mtu aliyewahi kuifunga saketi hiyo kwa mikono yake; majibu ya kunakili ya kitengo cha huduma tayari tunayo.

Wenu,

Wakufunzi wa elektroniki kwa wanaoanza