Mwanangu, mlima wetu unaanza kwa kushuka

Mwanangu Somoe,

Salamu zako zimefika. Sisi hapa Newala hatujambo. Bibi yako kifua kinamsumbua kidogo kwa baridi hii ya mwezi wa saba, lakini anakula na anakuulizia kila siku.

Umesema wenzako wa chuo wanataka kupanda mlima, na kwamba umewaahidi ile njia ya kuzunguka: kushuka kwa njia ya visima, kupita chini kwenye mashamba, kupumzika bandani, halafu kupanda kwa njia ya mpunga. Nimefurahi sana. Watu wanapita kwetu kwa ajili ya korosho tu, wanapakia na kuondoka, hawasogei hata pale Shimo la Mungu wakaona ardhi inavyokatika na bonde la Ruvuma linavyojitandaza mpaka Msumbiji. Walete.

Ila wenzako wamezoea habari za Kilimanjaro, ambako mtu hupanda kwanza ndipo akashuka. Kwetu mji uko juu. Mtatoka asubuhi mna nguvu, upepo wa kusi unawapuliza, njia inateremka, kila mmoja anaona safari ni nyepesi. Mpando unakuja mwisho, miguu ikiwa imechoka na chupa zimekuwa nyepesi. Katika yote nitakayoandika, shika hili: mtu asiyeweza kurudi juu asishuke. Kama kuna mwenzako ana pumu au goti bovu, mpelekeni Shimo la Mungu aangalie bonde, kisha arudi nyumbani kukaa na bibi. Hakuna aibu hapo, na bibi atafurahi kupata mtu wa kumsimulia.

Wewe njia ya visima unaijua kwa kusikia, bibi yako anaijua kwa shingo. Kabla ya mabomba, maji ya watu wa huku juu yalikuwa kule chini. Udongo wetu ni mchanga, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, haisimami. Inakuja kutokeza miguuni mwa mlima, inapokutana na tabaka gumu. Kwa hiyo wanawake walishuka alfajiri na kupanda na maji kichwani, na maji hayo ndiyo ya kupikia, kunywa na kunawa. Wenzako watauliza kwa nini wazee walichagua kukaa pakavu namna hii. Waambie karne ya 19 ilikuwa ya wakamata watumwa na ya vita vya Wangoni. Huku juu palikuwa na vichaka vizito, na adui alikuwa hapendi kupanda mahali asipopata maji. Wazee waliona kiu ni afadhali kuliko mnyororo. Mabomba yalianza miaka ya 1950, ulipokuja mradi wa maji wa Makonde, na mpaka leo maji yanasukumwa kwa pampu kutoka Mitema, bonde la Kitangari. Naomba uwasimulie haya mkiwa mnashuka, siyo mkiwa mmekaa sebuleni, maana kule miguu yao yenyewe itawaeleza.

Sasa kushuka kwenyewe. Nilimwomba bibi yako jana anionyeshe tena, akasimama pale uani na fimbo yake. Magoti yasikazwe, yawe yamelegea kidogo wakati wote. Hatua fupi. Mguu unakanyaga kwa wayo mzima, na penye mchanga unaoteleza unageuza mwili upande kidogo, bega moja likitangulia, mguu wa chini unajichimbia kwanza ndipo wa juu unaufuata. Hashiki mti bila kuutazama, maana miiba ipo na upupu upo. Alifanya hatua tatu nne hivi, taratibu, na kichwa chake hakikutikisika hata kidogo, kama vile ndoo bado ipo. Nilimtazama mpaka machozi yakanilenga. Fanya mazoezi ya mwendo huo kabla hamjaja, hata kwenye ngazi za bweni, na uwafundishe wenzako. Mtu anayeteremka kwa kukimbia anamaliza mapaja yake asubuhi, na mapaja hayo ndiyo atakayoyahitaji alasiri.

Upupu nimeutaja makusudi. Miezi hii maganda yake yamekauka, yana manyoya ya rangi ya dhahabu, mtu mgeni anayaona mazuri na kuyashika. Wote wavae suruali ndefu na mikono mirefu. Akiguswa mtu asijikune, na asipeleke mkono machoni. Kwetu tunapaka majivu makavu, kwa hiyo beba majivu kidogo kwenye mfuko.

Maji, kila mtu lita tatu zake mwenyewe, asitegemee ya mwenzake. Tena mtu anywe kidogo kidogo tangu mwanzo, asisubiri kiu. Beba chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko, bila kurundika. Mwenzako akianza kusema kichwa kinamzunguka, au anataka kutapika, msimwambie ajikaze. Mwekeni kivulini, mlegezeeni nguo, mloesheni shingo na makwapa, anywe hayo maji taratibu. Akianza kuongea mambo yasiyoeleweka hiyo ni hatari, mpozeni mwili mzima, msimlazimishe kunywa, na mmoja aende mbio kutafuta msaada mashambani. Viatu vyovyote vilivyozoeleka mguuni vinatosha. Vipya hapana.

Chini mtapita mashamba ya mpunga na migomba. Salimieni kila mtu, mkubwa kwa shikamoo, msipite kimya kama wezi. Na ulizeni kama tembo wameonekana, maana siku hizi wanaingia mashambani, na wakulima ndio wanaojua walilala wapi. Wakisema rudini, rudini. Mtoni msiende kuoga wala kunawa. Ruvuma ina mamba na viboko, na maji yanayoonekana yametulia ndiyo ya kuogopwa zaidi. Simu zenu huko zinaweza kushika mnara wa Msumbiji, mkajikuta mnalipa pesa nyingi. Zimeni, piga picha kwa simu ya mtu mmoja.

Basi mtafika bandani. Utalijua, liko pale mpando unapoanza, chini ya mwembe mkubwa: miti minne, paa la nyasi, kitanda cha kamba kimoja na magogo ya kukalia. Limejengwa na wakulima wenyewe kwa ajili ya kupumzisha mizigo, kwa sababu mpunga unaolimwa bondeni lazima upandishwe mpaka mjini, na gunia halipandi lenyewe. Msilione kibanda tu. Wapo wajawazito waliojinyoosha pale, wapo wazee waliozidiwa na jua wakapona pale, na watoto wetu wengi wamenyonya pale. Hata kama hamna mtu, piga hodi. Mkimkuta mzee amelala kwenye kitanda, msimwamshe, kaeni kwenye magogo. Mtungi wa maji ukiwepo, hayo ni ya anayepanda na mzigo, ninyi mna yenu. Moto mkiwasha, tafuteni kuni nyingine za kuacha. Na taka zote mnapanda nazo, hata ganda la pipi.

Nataka mfike hapo kabla ya saa tano, na msiondoke mpaka saa tisa alasiri. Najua mtaona ni muda mwingi. Vijana mkikaa kidogo mnasema tumeshapumzika, twende. Hapana, mwanangu. Jua la saa sita kwenye ule mpando ni kali na mchanga unarudisha joto usoni, hakuna kivuli mpaka mfike kwenye mikorosho ya juu. Laleni. Kuleni. Nitawafungia ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini tunayochimba, korosho za kubangua na ndizi. Mng'oko unamenywa kwa meno, ganda linavutwa kama uzi, waonyeshe wageni wasije wakala na maganda. Hapo bandani ndipo utawajua wenzako vizuri kuliko darasani: nani anamega, nani anaficha, nani anauliza kama mwingine amekunywa.

Mkianza kupanda, anayechoka haraka atangulie, na mwenye nguvu awe nyuma. Msigeuze utaratibu huo kwa ajili ya kushindana. Tembeeni kwa mwendo ambao mtu anaweza kuongea bila kukata pumzi, mkishindwa kuongea mmezidisha. Njia ikisimama sana, ikateni mshazari, kushoto kidogo, kulia kidogo, kama wafanyavyo wenye magunia. Simameni mara nyingi lakini msikae chini, mtu akikaa miguu inakaza. Jua likizama saa kumi na mbili giza halichelewi, kwa hiyo kila mmoja awe na tochi hata kama mnaamini hamtaihitaji.

Baba yako amesema atawasubiri mwisho wa njia na madumu ya maji ya kunawa. Mjomba wako naye anataka kuja kutoka Tandahimba, nimemwambia aje, ila asianze kuwasimulia mambo ya bei ya korosho kabla hamjala.

Nijibu mapema mtakuwa wangapi, wavulana wangapi na wasichana wangapi, nipange malazi. Ming'oko inabidi nimwambie mchimbaji wiki moja kabla. Na uniambie kama kuna asiyekula samaki.

Mama yako