Barua ya wazi kwa vijana wanaosaka nafasi ya mafunzo ya uwakili

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mliohitimu sheria, ambao sasa mnabisha hodi katika kampuni za uwakili mkitafuta nafasi ya mafunzo kazini, na majibu yanarudi na sentensi ileile: "Tunasikitika kukufahamisha." Baadhi yenu mmenitumia barua hizo nizisome, mkidhani jicho la kizee litaona lililojificha baina ya mistari. Hakuna lililojificha. Barua ya namna hiyo iliandikwa siku moja na karani mmoja, na tangu hapo inabadilishwa jina tu. Msiichambue kama hukumu ya Mahakama ya Rufani. Hukumu huwa na sababu za uamuzi ndani yake. Barua hii haina.

Swali mnaloniletea kila mara ni "Nina kasoro gani?" Liwekeni kando. Chukueni hili: "Nimeishia hatua ipi?" Maombi haya yana hatua zake, na aliyeishia ya kwanza hana ugonjwa mmoja na aliyeishia ya mwisho. Nimewaona vijana waliokataliwa wakaenda kusoma shahada nyingine, kumbe tatizo lilikuwa ukurasa mmoja wa barua ya maombi. Nimewaona wengine wakiandika upya wasifu wao usiku kucha, kumbe wasifu wao ndio uliowafikisha kwenye usaili, na usaili ndio unaowaangusha. Fungueni daftari. Andikeni jina la kampuni, tarehe, hatua uliyofika, na maswali uliyoulizwa, siku hiyohiyo kabla kumbukumbu haijaanza kukutetea. Baada ya maombi kadhaa daftari litawaambia jambo ambalo hakuna kampuni itakayowaambia.

Nimekaa miaka mingi upande wa wanaochagua, kwa hiyo nitasema tunavyofanya. Katika hatua ya karatasi hatusomi ili tupate. Tunasoma ili tupunguze. Viti ni vichache, bahasha ni nyingi, na msomaji ana kesi zake zinazomsubiri. Barua inayosema "kampuni yenu tukufu yenye sifa isiyo kifani" inawekwa pembeni, kwa sababu ingeweza kutumwa kwa yeyote, na mara nyingi imetumwa kwa yeyote. Ziko zilizokuja na jina la washindani wetu katika aya ya tatu. Barua inayosomwa mpaka mwisho ni ile inayoonyesha mwandishi anajua kazi ya ofisi hii ni ipi: kama tunashughulika na mikopo ya mabenki, usituandikie kurasa za haki za watuhumiwa, hata ziwe tamu kiasi gani. Na badala ya kudai una bidii, eleza ulichokifanya kikaonekana. Aliyeniandikia kwamba aliendesha duka la mama yake na akajifunza kudai madeni bila kupoteza wateja alinishika zaidi kuliko wengi waliotaja medali za mashindano ya kesi za kuigiza.

Kwa hiyo kama daftari lako linaonyesha unaishia kwenye karatasi, punguza idadi ya maombi na ongeza muda unaoupa kila ombi. Najua hofu inakwambia kinyume chake: tuma mengi zaidi, mojawapo litanasa. Ndivyo watu wanavyojaza daftari kwa kukataliwa kunakofanana.

Mitihani ya kompyuta nitaigusa kidogo tu. Kampuni nyingi kubwa hutumia jaribio la Watson Glaser, linalopima namna unavyopima hoja: kipi kinafuata kutokana na maelezo, kipi kimechukuliwa tu kuwa kweli bila kusemwa, hoja ipi ina nguvu na ipi haina. Wanaojua mengi huanguka humo kwa sababu wanajibu kwa elimu waliyokuja nayo, wakati mtihani unataka ujibu kwa maelezo uliyopewa na si zaidi. Ni mazoezi. Aliyeshindwa hapo hajaambiwa lolote kuhusu akili yake ya sheria.

Usaili ndio unaoumiza, nami nitakaa hapo kidogo, maana hapo umeonwa uso kwa uso. Mtu aliyekataliwa baada ya kuonwa huhisi amekataliwa yeye mzima, sauti yake, nguo zake, jina la ukoo wake. Wakati mwingine, niseme kweli, upendeleo upo, na sitawadanganya kwamba kila aliyechaguliwa alistahili. Lakini kabla hujafikia huko, angalia haya mawili.

La kwanza ni kwamba mnajibu kama wanafunzi. Tukiwapa mkasa wa mteja ambaye mwenzake kavunja mkataba, mnatueleza vipengele vya mkataba halali kimoja baada ya kingine, vizuri sana, kisha mnanyamaza. Mteja hajaja kusikia hayo. Anataka kujua afanye nini Jumatatu asubuhi, itamgharimu kiasi gani, na je, akishinda, huyo mdaiwa ana mali ya kukamatwa? Mwombaji anayeuliza swali hilo la mwisho bila kusukumwa hatumsahau.

La pili ni woga wa kusema "sijui". Tunapouliza jambo gumu mno, mara nyingi tunalijua kuwa gumu mno. Tunataka kuona kama utabuni. Wakili anayebuni mbele ya jaji ni hatari kwa mteja na kwa ofisi. Sema hujui, kisha sema ungeanzia wapi kutafuta: sheria ipi ungeifungua, masjala ipi ungekwenda, nani ungemuuliza.

Ukikataliwa baada ya usaili, omba mrejesho. Andika ndani ya siku chache, mistari minne, mshukuru aliyekusaili, na uulize swali moja tu: ni jambo gani lingelifanya jibu langu kuwa bora? Usiulize kwa nini umekataliwa, maana hapo unamfanya mtu ajihami, na ofisi za mawakili zinajua kujihami. Wengi hawatajibu. Usiwafuate mara ya pili.

Kisha kuna wale waliofanya majaribio ya wiki kadhaa ndani ya ofisi, wakala chakula cha mchana na mawakili, wakashika mafaili, halafu wakaambiwa hapana. Hao ndio wanaonipigia simu usiku. Wanangu, katika hatua hiyo mara nyingi kilichoamua ni hesabu. Mshirika mmoja kaondoka na wateja wake, idara imepunguza viti kutoka vitatu hadi viwili, na wewe ulikuwa wa tatu. Ukifika mara mbili mpaka hapo, usibadilishe chochote ila orodha ya kampuni unazoziomba. Na usivunje uhusiano kwa hasira. Watu hujiondoa wakipata kwingine, na ofisi inapohitaji mtu wa haraka humwita yule ambaye tayari inamjua.

Nimetaja hesabu, na hesabu hiyo si yenu peke yenu. Ontario, nchini Kanada, nafasi za mafunzo ofisini zilikuwa chache kuliko wahitimu, mpaka chama cha wanasheria wa huko kikaanzisha mwaka 2014 njia nyingine ya kufuzu: miezi ya masomo ya vitendo, ikifuatiwa na miezi ya kazi. Uingereza na Wales, tangu utaratibu mpya wa SQE, mtihani wa kufuzu uwakili, uanze mwaka 2021, ile miaka 2 ya uzoefu wa kazi inaweza kukusanywa katika taasisi zisizozidi 4, na kazi ya usaidizi wa sheria ofisini au ya kujitolea katika kliniki ya sheria inaweza kuhesabiwa. Kenya ina miezi 6 chini ya wakili mlezi. Afrika Kusini ina mikataba ya mafunzo na njia zake. Msome kanuni za mahali mnapotaka kufuzu, zenyewe, siyo alivyosema rafiki. Nashangaa kuona wahitimu wa sheria wanaosoma kila sheria isipokuwa ile inayowahusu. Huenda kazi unayoidharau leo, ya msaidizi katika kituo cha msaada wa kisheria, tayari inahesabika.

Mchagua jembe si mkulima. Masjala ya mahakama, idara ya sheria ya benki, ofisi ya msajili wa ardhi, wakili mmoja mwenye chumba kimoja juu ya duka: kote huko kuna hati za kuandika na wateja wa kusikiliza. Anayetoka huko akaja kwetu tena huja na maneno tofauti mdomoni.

Sipendi sana hadithi za wakubwa waliowahi kukataliwa, kwa sababu tunaozisikia ni za waliofika. Aliyekataliwa akapotea hana wa kumsimulia. Lakini ziko mbili ninazozitumia, kwa ajili ya kilichofanyika katikati. Sandra Day O'Connor alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1952, miongoni mwa wa juu kabisa darasani. Kampuni zilikataa hata kumsaili kwa kuwa ni mwanamke. Moja ilikuwa tayari kumpa kazi ya katibu muhtasi. Akaenda ofisi ya mwanasheria wa kaunti ya San Mateo, akakubali kuanza bila mshahara, meza yake ikawekwa chumba kimoja na katibu. Mwaka 1981 aliingia Mahakama ya Juu ya Marekani kama jaji, mwanamke wa kwanza. Simtaji ili mfanye kazi bure. Wengi wenu mna wadogo wanaotegemea kipato chenu. Namtaja kwa sababu alitafuta mahali ambapo kazi yenyewe ilikuwepo, hata kama jina la mlangoni halikuwa alilolitaka.

Wa pili ni Nelson Mandela. Yeye alipata ukarani wa mafunzo katika kampuni ya Witkin, Sidelsky na Eidelman mjini Johannesburg, wakati ambapo ni ofisi chache mno zingemchukua Mwafrika. Kilichomkwamisha ni chuo. Alianza shahada ya sheria Witwatersrand mwaka 1943, akafeli mitihani ya mwaka wa mwisho zaidi ya mara moja, akatoka bila shahada. Alifanya mtihani wa kufuzu uwakili ambao haukudai shahada hiyo, na mwaka 1952 akafungua ofisi na Oliver Tambo. Shahada aliipata mwaka 1989 kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, akiwa bado mfungwa. Wateja waliojazana kwenye ngazi za ofisi ile hawakuwa wameuliza cheti kinasemaje.

Sasa yale ya nyumbani. Aibu ya kukataliwa hukua kwa kufichwa. Waambieni wazazi mapema kwamba jambo hili huchukua misimu kadhaa, kabla hawajaanza kuwatambulisha kwa wageni kama mawakili. Punguzeni kutazama picha za wenzenu waliopata, zile za suti mpya na mlango wa vioo nyuma; siku zao za kukataliwa hawakuzipiga picha. Na kama usingizi umekukimbia kwa wiki nyingi, chakula hakipiti, au mawazo yamekuwa ya kutotaka kuishi, acha maombi kwanza na umwone daktari au mshauri, leo. Hakuna ofisi ya mawakili inayostahili hayo.

Jiwekeeni pia kikomo. Amua sasa, ukiwa na akili tulivu, utaomba kwa misimu mingapi kabla ya kubadili njia, na ukifika hapo badili bila kujiona mwoga. Sheria inatumika kwingi nje ya chumba cha wakili.

Kuna mawili ya kuogopa kuliko kukataliwa. Yupo mtu atakayekwambia kwamba ana nafasi, ulipe kidogo tu aifanyie mpango. Mkimbie. Na lipo jaribu la kuongeza alama moja kwenye wasifu, au kunyamazia kesi ya udanganyifu wa mtihani iliyokupata chuoni. Mnajua kwamba kufuzu uwakili, karibu kila mahali, hakutaki mitihani tu. Kunataka pia uwe mtu mwenye mwenendo mwema, na maombi yako huchunguzwa. Kasoro iliyosemwa mapema kwa kawaida huelezeka. Uongo ulioandikwa kwenye fomu unaweza kukufuata ukiwa umeshafuzu, na hapo utapoteza leseni, siyo nafasi tu.

Ombi langu la mwisho ni kwa yule kati yenu atakayepata. Siku utakayotia sahihi mkataba, kabla ya kusherehekea, waandikie wale wengine wote ambao bado wanakufikiria na ujiondoe. Mistari miwili inatosha. Kwenye orodha ya akiba ya kila ofisi kuna mtu aliyekosa kwa kiti kimoja, na kiti hicho ni chako unachokikalia bila kukihitaji.

Mzee wenu katika fani