Tulibeba dagaa kwenda kukagua miji, madalali wakala nauli yetu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na nikiandika ndefu ukate mwenyewe mana mimi nikishaanza siachi. Ni mama muuza dagaa, kwetu Ujiji, na baba watoto ni fundi wa mashine za mitumbwi pale mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma. Nataka kusema kuhusu kuhama mji, na kuhusu hawa ndugu zetu madalali wa vyumba, kwa sababu naona watu wengi wanahama kwa kusikia tu, fulani kaenda Dodoma kapata, basi na yeye kesho anafunga godoro.

Sisi wazo lilitujia mwaka 2024 ziwa lilipofungwa. Tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ilikuwa hakuna kuvua Ziwa Tanganyika, samaki waachwe wazaliane. Sipingi, samaki wakiisha hata sisi tumeisha. Ila kwa nyumba kama yetu, mke anauza dagaa na mume anatengeneza injini za wavuvi, ziwa likifungwa mifuko yote miwili imefungwa siku moja. Wiki ya pili tu baba watoto alikuwa ameshapanga spana zake kwa ukubwa, akazipaka oili, akazipangua, akazipanga tena. Usiku akaniuliza, hivi mama nanihii, sisi lazima tuzeekee hapahapa?

Tukakubaliana twende tukaone kwa macho. Tabora, Mwanza, Dodoma. Watoto tukawaacha kwa bibi yao.

Sasa mdogo wangu akaniambia dada mkifika mtembee tu muangalie mji, mpige na picha. Nikamwambia siendi kutembea mimi. Nikatoa gunia dogo la dagaa nililokuwa nimeweka kabla ziwa halijafungwa, wale waliokaushwa kwenye kichanja sio mchangani, hata ukiwatafuna wakavu husikii mchanga, na kopo langu la kupimia. Mana mji ukiwa mgeni kila kitu kizuri, taa zinawaka, lami pana, watu wamependeza, lakini tandika kiroba chini uanze kuuza ndo utaujua, nani anakufukuza, nani anakopa, mgambo anapita saa ngapi, maji ya kunywa unayapata wapi. Baba watoto nae akabeba spana zake sita, nikacheka, akasema cheka tu.

Treni tulipanda daraja la tatu. Uvinza nikanunua chumvi, siwezi kupita Uvinza nisinunue chumvi, alafu usiku mzima ni kusinzia na kushtuka, huyu anashuka Kaliua na kuku, huyu anapanda Urambo na madumu, mpaka asubuhi tunaingia Tabora miguu imevimba.

Tabora ilikuwa baridi ile ya Juni, kavu, midomo inapasuka, lakini miembe yenyewe! Mtu unatembea mjini uko kivulini. Na Kiswahili chao hakinipigi chenga, si ndo njia ileile ya misafara ya zamani, Ujiji Tabora mpaka Bagamoyo, hata kusalimia tu unaona hawa ni wetu. Nikauza dagaa kiasi. Sio sana, mana Tabora dagaa wa Kigoma wanawajua, wanashuka na treni kama mimi nilivyoshuka, kwahiyo mtu anakuja ameshajua bei na hadanganyiki. Mama mmoja alichukua makopo mawili akaniambia nitarudi kesho, na kesho kweli akarudi. Nikaliweka hilo kichwani.

Mwanza sitasema sana. Tulienda kwa basi kupitia Nzega na Shinyanga, mji mkubwa, una pesa, na baba watoto alipoona mitumbwi macho yakamtoka kama bwana harusi. Lakini mimi nilivyotandika dagaa zangu karibu na soko la samaki la Mwaloni Kirumba, watu walicheka mpaka na mimi nikacheka. Kijana mmoja akasema mama, kuleta dagaa Mwanza si sawa na kubeba ndoo ya maji kupeleka ziwani? Wanaonja, wanasema hawa ni watamu kuliko wa kwetu, alafu wanauliza bei wanaweka chini. Na chumba tulichoonyeshwa kilikuwa juu ya mawe huko mlimani, unapanda ngazi za kuchonga huku umeshika jiwe, mandhari nzuri sikatai, ziwa lote unaliona, lakini goti langu la kushoto lilishajibu kabla yangu. Na mafundi wa injini pale wamejaa, fundi mgeni utaanza kwa kuosha plagi za wenzako.

Dodoma sasa. Mhariri, Dodoma niliuza! Soko la Majengo, saa mbili asubuhi nimetandika, saa sita kopo linagonga chini ya gunia. Huko ziwa hakuna, watu wamejaa wa kila mkoa, wafanyakazi wa serikali, wanachuo, na kila mmoja ananiuliza jambo moja tu, mama hawa ni wa Kigoma kweli? Mana wameshauziwa wasio wenyewe kwa jina letu. Nikawa namwambia tafuna. Anatafuna, anatoa pesa. Usiku ule sikulala, nilikuwa napiga hesabu kwenye simu, gunia mbili kwa wiki, gunia tatu, nikajiona niko na fremu yangu.

Kesho yake tukaanza kutafuta chumba, na hapa ndo penye malalamiko yangu. Dalali wa kwanza alitaka elfu kumi ya kuonyesha, hairudi hata usipopapenda. Tukatoa. Akatuzungusha Nkuhungu huko mpaka vumbi limeingia kwenye meno, akafungua mlango, na ndani kuna shuka limeanikwa kwenye kamba na sufuria ya ugali imelowekwa. Nikamuuliza na huyu mwenye sufuria je? Akasema anahama mwisho wa mwezi. Sawa. Kesho yake tukapata dalali mwingine kabisa, mtaa mwingine, elfu kumi nyingine, akatupeleka kwa njia ya nyuma, akafungua mlango, shuka lile lile. Sufuria safari hii ilikuwa imeoshwa. Baba watoto ni mpole lakini siku hiyo alikaa kwenye ngazi akasema mimi sinyanyuki mpaka elfu kumi yangu irudi, na haikurudi, tukanyanyuka.

Chumba cha tatu kilikuwepo kweli. Maji ya bombani yana chumvichumvi, hilo tungezoea. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, dalali nae anataka ya mwezi mmoja, alafu hakuna kufuga. Piga hesabu mwenyewe, mtu anayehama kutafuta maisha analipa miezi saba kabla hajauza hata kopo moja, huo mtaji wa kuanzia biashara anautoa wapi?

Nikasema pamoja na hayo mimi bado nataka Dodoma. Baba watoto akaniuliza swali moja tu, mimi hapa nitatengeneza injini ya nini? Sikuwa na jibu. Na kusema ukweli mume wangu namjua, akikaa wiki mbili bila kushika spana ananifuata mpaka jikoni anahesabu vitunguu.

Wakati wa kurudi tukashuka Tabora siku mbili kusubiri treni ya Kigoma. Upande wa Ng'ambo tukakuta mashine ya kusaga imezima, kina mama wamepanga ndoo za mahindi mpaka barabarani, na mwenye mashine jasho linamtoka. Baba watoto akasogea, akainama, akasikiliza wanavyoipiga hendeli, akasema hewa imeingia kwenye njia ya dizeli hiyo. Zile spana sita nilizozicheka zikatoka. Akalegeza nati, akapampu mpaka dizeli ikatoka bila mapovu, akakaza, wakapiga hendeli mara mbili, ikaunguruma, na kina mama vigelegele kama harusini. Yule mwenye mashine akamwambia we mzee hapa kuna mashine za kusaga, kuna pampu za maji, kuna majenereta, mafundi wapo ila wa kufungua injini na kuirudisha bila nati kubaki wachache, njoo.

Yani mji wangu ni Dodoma na mji wake ni Tabora. Tulibishana kuanzia Tabora mpaka Malagarasi. Mwisho nikaangalia ramani ya maisha yangu, mzigo wangu unatoka Kigoma, Tabora ni usiku mmoja wa treni, na kutoka Tabora naweza kupeleka gunia Dodoma kwa treni hiyohiyo nikauza nikarudi. Nikamwambia umeshinda, lakini dirisha la jikoni lazima liangalie mwembe.

Jirani yetu anatushangaa, anasema SGR, ile reli ya kisasa, inajengwa, kipande cha Tabora mpaka Kigoma kilomita 506, watu watakuja Kigoma nyie mnaondoka? Baba watoto kamjibu ikija itanikuta stesheni ya Tabora.

Kwahiyo Mhariri naomba mambo mawili. Halmashauri za miji ziwaandikishe hawa madalali, kila mmoja awe na kitambulisho, na hela ya kuonyesha iwe halali pale tu chumba kiko wazi. Na gazeti lenu, kila siku mnatuandikia fursa fursa, hebu siku moja mtuandikie mji fulani ndoo ya maji shilingi ngapi, kodi inalipwa miezi mingapi, bajaji ya kwenda sokoni inaanza saa ngapi, hayo ndo mtu anayefunga godoro anayataka.

Tunahama shule zikifungwa Desemba. Kama kuna msomaji wa Tabora ana vyumba viwili, si mbali na stesheni, anapokea kodi ya miezi mitatu mitatu bila dalali katikati, tutashukuru. Baba watoto anasema niandike mapema ili pasitokee ugomvi baadae, tuna kuku saba.

Mama Muuza Dagaa,
Ujiji, Kigoma.