Kipimo cha damu kilinimezesha dawa mara tatu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa Mtwara wanaosumbuliwa na vidonda vya tumbo.

Kwa miaka miwili nimepimwa damu mara tatu kutafuta Helikobakta pailori, bakteria anayeleta vidonda vya tumbo. Kila mara niliambiwa "wadudu bado wapo", nikapewa dozi ya siku 14: antibiotiki mbili, amoksilini na klarithromaisini, pamoja na omeprazoli ya kupunguza tindikali tumboni. Dozi ya tatu niliilipia kwa fedha ya korosho niliyoitenga kununulia bati. Kinywa kikawa kichungu kama shubiri, hata ming'oko ikanishinda, na tumbo likaendelea kuwaka moto.

Binti wa kaka yangu, anayesomea utabibu, alipokuja likizo akaniuliza, "Shangazi, walikupima damu au choo?"

Kumbe kipimo cha damu hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, zile silaha ambazo mwili ulizitengeneza ulipokutana naye. Bakteria akishakufa, silaha hubaki damuni miezi mingi, hata miaka. Kama yupo sasa, choo ndicho kitasema, ilimradi uwe umeacha antibiotiki wiki nne na omeprazoli wiki mbili. Nilisubiri, nikapima. Hayupo. Kilichokuwa kinanichubua tumbo ni diklofenaki, dawa za maumivu nilizomeza kila siku kwa ajili ya magoti, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake.

Tumezoea surua: ukishaugua, kinga yako inakulinda maisha. Helikobakta pailori hana tabia hiyo. Hujichimbia kwenye ute unaofunika ukuta wa tumbo, hutengeneza amonia ya kupooza tindikali inayomzunguka, na huzituliza seli za kinga zisimmalize. Mwili unampiga lakini haumtoi, na mapigano hayo ya miaka ndiyo yanayoleta vidonda na, kwa wachache, saratani. Chanjo yake ni ngumu kwa sababu hiyohiyo: inatakiwa iufundishe mwili kazi ambayo hata ugonjwa wenyewe hauufundishi.

Lakini inawezekana. China walijaribu chanjo ya kunywa kwa watoto 4,464 wa miaka 6 hadi 15, matokeo yakatoka 2015: mwaka wa kwanza maambukizi mapya yalipungua kwa takribani asilimia 72, mwaka wa pili kinga ikashuka hadi kama 55. Nina wajukuu wanne tunaokula nao sahani moja, na bakteria huyu huambukizwa zaidi utotoni, humohumo nyumbani. Naitamani sana chanjo hiyo ifike kwenye kadi zao za kliniki.

Kabla haijafika, naomba mawili. Zahanati zetu zipate kipimo cha choo. Na maabara zinazopima damu ziandike "kingamwili zimeonekana", zisiandike "wadudu wapo", maana antibiotiki tunazomeza bila sababu ndizo zinazowazoesha bakteria dawa, na klarithromaisini tutaihitaji siku mgonjwa wa kweli atakapofika.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara