Dagaa Hawachaguliwi Usiku

Hamburg, 9 Septemba 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ng'wangaluka mayu. Najua Doto ndiye anayekusomea, kwa hiyo Doto, soma kama ilivyoandikwa, usiruke palipo na jina lako.

Nimeingoja mbalamwezi makusudi. Siku hizi mitumbwi ya dagaa imelala, na pale sokoni Mwaloni hakuna mzigo wa kukutoa kitandani alfajiri, basi utanisikiliza mpaka mwisho. Juzi Jumapili mwezi ulipopatwa nilisimama dirishani nikauwaza ulivyokuwa kwenu, juu kabisa ya ziwa. Huku ulichomoza ukiwa umeshapatwa, na majumba yakaumeza.

Shangazi alinipigia. Anasema siku hizi anakuja kutoka Sengerema kwa daraja, hasubiri tena kivuko, na safari ya mwisho alifika hata chai hujainjika. Miaka yote akichelewa alisingizia foleni ya Kigongo. Sasa atasingizia nini? Akanipa na habari nyingine: kwamba bado unawaambia watu natengeneza kompyuta, na jirani ameiweka kando redio yake mbovu ananisubiri Krismasi.

Mama, sitengenezi kompyuta. Mtu ana duka, anataka watu walione kwenye simu zao. Mimi ndiye ninayelipanga hilo duka la kwenye simu. Kipi kikae mbele, kipi nyuma, maandishi yawe makubwa kiasi gani, mtu akigusa hapa apelekwe wapi. Ni kazi unayoifanya wewe kila asubuhi kwenye turubai lako, ila mimi naifanya nimekaa, na mgongo unaniuma vilevile.

Ngoja nikusimulie ya mwezi uliopita. Nina mteja muuza chai, mzee mstaarabu. Tulikaa naye meza moja, mchana, akachagua kijani cha tovuti yake mwenyewe kwa kidole chake. Jioni simu ikalia: kijani kimekuwa cha matope. Nikakirekebisha, nikakitia ubluu kidogo. Jioni hiyohiyo akasema sasa sawa. Asubuhi simu tena: nani ameweka rangi ya bahari kwenye chai yangu? Nikarudisha nyuma. Usiku, matope. Kompyuta huandika rangi kwa alama sita tu, na katika alama hizo sita zinatoka rangi zaidi ya milioni 16. Mimi na yule mzee tulizitembelea nyingi sana, siku tatu nzima, kila mmoja akimwona mwenzake ana matatizo ya macho.

Siku ya nne ndipo akili ilinijia kumuuliza: usiku huwa unaitazamia wapi? Akasema kitandani, taa zimezimwa. Nikamwomba aangalie mipangilio ya simu yake. Kumbe kuna kitu kinachopunguza mwanga wa bluu usiku ili macho yasichoke, na kikiwaka kioo chote kinageuka manjano. Chai yake, picha zake, hata picha ya marehemu mkewe, vyote vilikuwa manjano kila usiku, ila alikuwa amezoea.

Nikakukumbuka, mama. Nikamwambia kwa Kijerumani changu cha kuungaunga kwamba kwetu mama yangu anauza samaki wadogo wa fedha, na alinifundisha nikiwa na miaka saba: dagaa hawachaguliwi usiku. Chini ya taa kila dagaa anang'aa. Mtoe juani umwone. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Tukarudi kwenye kijani kilekile cha siku ya kwanza, na siku zile tatu hakuzilipa.

Kero nyingine ni fupi kuisimulia na ndefu kuishi nayo. Nabadilisha kitu kwenye tovuti, mteja anasema haoni mabadiliko. Ile programu anayofungulia tovuti imejiwekea nakala ya zamani ili isihangaike kuipakua upya, kwa hiyo inamwonyesha ya wiki jana. Ni kama shangazi anavyokuuliza kila mwaka habari za kibanda ulichokiuza zamani. Namwambia mteja futa kumbukumbu, fungua upya. Anaona. Hanishukuru, ananiuliza kwa nini sikufanya mapema.

Na lugha yenyewe ya Wajerumani! Sheria inataka kila tovuti ya biashara ieleze inavyolinda taarifa za watu, na neno lao la maelezo hayo ni Datenschutzerklärung. Herufi 20 bila kupumua. Nimechora kitufe kizuri, kidogo kama punje ya karanga, halafu naambiwa niliingize hilo ndani. Kiswahili nacho kina maneno marefu, lakini angalau sentensi zetu zina mahali pa kukatia mstari.

Kazini siku moja waliniuliza natoka wapi hasa. Hapa mjini kuna sanamu ya Bismarck, chansela wao wa zamani, ya mawe, mita 34, imesimama tangu 1906. Nikawaonyesha Jiwe letu la Bismarck pale ziwani Mwanza. Mmoja akauliza nani alilichonga. Nikamwambia alilichonga Mungu, na ndege mnandi ndio wanaolipaka chokaa.

Afadhali mnandi, kwa sababu nyeupe juu ya kijivu cha jiwe unaiona hata ukiwa kwenye kivuko cha Kamanga. Mwenzangu mmoja kazini anapenda kijivu hafifu juu ya nyeupe. Maandishi yote! Anasema yanapendeza. Nikimtazama namkumbuka mjomba na mtoto wa jicho wake, anavyoisogeza simu mbele na nyuma kama anapiga tromboni. Zipo kanuni za kimataifa: tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na kilicho nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Nikapima kijivu chake: 2.3. Nilimwambia mwaka jana, akanicheka. Mwaka huu, tangu 28 Juni, sheria ya Umoja wa Ulaya inadai maduka ya mtandaoni yaweze kutumiwa na watu wenye ulemavu pia, wakiwemo wasioona vizuri. Nikapeleka kipimo changu kwenye kikao bila kupaza sauti. Mwenzangu akaongeza weusi mpaka 4.54, hata nukta moja zaidi hakutoa. Nilikula chakula cha mchana kwa raha siku ile, nakiri.

Sasa nije kwa ukurasa wako, ule wa dagaa ninaokutengenezea mtandaoni.

Doto hakukwambia yote. Picha ya vichanja aliyoipiga ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na MB 5 peke yake. Hapa ofisini ilifunguka papo hapo, kila mtu akasifu. Mimi sikuwa na furaha, maana intaneti ya hapa ni kama ile taa ya usiku, inamfanya kila dagaa ang'ae. Nikamwambia Doto: chukua simu ya mama, ile iliyopasuka kona, nenda nayo katikati ya Mwaloni chini ya mabati, subiri mpaka itokee herufi E pale juu, yaani intaneti ya kobe, ndipo ufungue. Mara ya kwanza akasema bado inazunguka. Akauza sado mbili, inazunguka. Jumapili nne nimeipunguza ile picha, nimetupa mapambo, nimetoa hata ile herufi ya madoido niliyoipenda. Picha sasa ina KB 90.

Wiki iliyopita nikamwomba ajaribu tena. Ujumbe wake ulikuwa maneno mawili: "Imefunguka. E." Nikampigia nikamuuliza imechukua muda gani, akasema mama alikuwa anajaza sado, ikafunguka kabla hajaisawazisha kwa mkono. Mama, nimepewa sifa nyingi huku na watu waliovaa vizuri, lakini sentensi hiyo nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika juu ya meza yangu. Wenzangu wanadhani ni methali.

Kuhusu bei, nimekuelewa, sitaiandika. Bei ya dagaa inaamka na mwalo, na ukiiandika Jumatatu, Jumanne inakuwa uongo. Nimeweka namba ya Doto tu. Nasikia mpigaji wa kwanza aliuliza kama mnauza sangara. Doto, usimkatie mtu simu kwa hasira, mwelekeze kwa jirani. Kesho naye atakuletea wa dagaa.

Hela ya bati nimetuma, na ya dawa ya macho ya mjomba imo humo humo. Krismasi nitakuja, Mungu akipenda. Mwambie jirani redio yake nitaiangalia, ila asiitupe ile iliyo nzima.

Mwanao,
Kulwa