Barua kutoka Doha: Siku Mbili za Kuhudumiwa

Doha, Qatar

Mama,

Shikamoo. Mimi huku mzima, joto tu ndilo halina adabu. Nasikia picha nilizotuma zimezua maneno, basi naeleza mwenyewe kabla shangazi hajanielezea. Sijaolewa na tajiri. Kazini wametuzawadia sisi wa siku nyingi: siku mbili hotelini na chakula cha jioni, vyote vimelipiwa.

Hoteli ni Sheraton, lile jengo la umbo la piramidi mwisho wa Corniche, barabara ya ufukweni. Lilipofunguliwa mwaka 1982 lilikuwa karibu peke yake pale ufukweni. Leo maghorofa ya vioo yamelipita kimo. Chumba sikisemi, picha mmeona. Lakini asubuhi! Nimepita mayai, nimepita mikate ya kila namna, nikafunua chombo kimoja kilichoandikwa balaleet. Tambi za sukari, Mama! Zina iliki vilevile, ila wao hutia na zafarani, halafu juu hufunika kwa mayai ya kukaanga. Nikapakua, nikarudi tena. Kijana wa chai akanitazama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, wewe wa pwani." Kwao Kilifi. Tangu hapo kikombe changu hakikukauka.

Jioni tukapelekwa IDAM, mgahawa wa Alain Ducasse, mpishi mzaliwa wa Ufaransa, juu kabisa ndani ya Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu. Jengo hilo alilichora msanifu majengo I. M. Pei, uzeeni mwake. Alikataa viwanja vya ufukweni asije akazibwa na majengo ya watu, ikabidi wamtengenezee kisiwa. Umbo alilichukua kwenye banda la kutawadhia la msikiti wa Ibn Tulun, Cairo. Baba angekaa nje akilitazama hadi chakula kipoe.

Sahani pana, chakula tonge mbili. Inaletwa, inaelezwa, inaondolewa, inakuja nyingine. Pombe hawauzi, nikala kwa amani. Nyama ilikuwa laini hata kisu sikukihitaji. Ndiyo, mtoto wa Ngamiani kamla ngamia.

Wakati wa kurudi teksi ikapita upande wa uwanja wa ndege wa zamani, ule niliofikia mimi kabla huu wa Hamad haujafunguliwa mwaka 2014. Nikacheka peke yangu. Unakumbuka ulivyonifungia papa mkavu katikati ya nguo, pale nje ya uwanja wa Dar, huku Baba Mdogo akigombana na mbeba mizigo? Ofisa wa hapa alifungua begi, akalifunga upesi, akanionyesha mlango kwa kidole. Kanga zangu zilinuka papa mwezi mzima.

Sasa la safari yako ya Umra. Ukishuka hapa Hamad kubadilisha ndege, usihangaikie begi, litafika Jeddah lenyewe, ila uliza Dar wakati wa kulikabidhi. Kiti cha magurudumu nimeshakuombea. Usione haya, kikalie. Mwambie anayekusukuma akupitishe kwenye dubu la manjano, refu kama mita 7, lenye taa kichwani. Ni sanamu aliyoitengeneza msanii Urs Fischer, kila mtu analijua. Akupige picha hapo, unitumie kabla hujapanda ndege ya pili.

Hela ya bati nimemtumia Baba Mdogo jana. Mwambie anitumie risiti, siyo salamu.

Mwanao